Uzamili wa intelijensia na usalama: hatufundishi ushushushu

Kila msimu wa udahili waombaji huniuliza jambo lilelile: katika shahada ya uzamili ya intelijensia na usalama, somo la kufuatilia watu linafundishwa muhula upi? Wengine huuliza kuhusu kudukua simu, wengine kuishi kwa jina bandia. Jibu ni kwamba hakuna somo la namna hiyo, na nimeshalijibu kwa mtu mmojammoja kiasi cha kutosha.

Dhana: Uzamili huu ni mafunzo ya ujasusi

Ukweli: Ushushushu hufundishwa na idara zenyewe, ndani ya vyuo vyao, kwa watu waliokwisha kuajiriwa na kufanyiwa upekuzi. Chuo kikuu hakina mamlaka hayo wala hakiyahitaji. Sisi tunashughulika na taarifa ikishapatikana: inapimwaje, inaandikwaje, anayeisoma anaielewaje, na kwa nini viongozi waliokuwa na taarifa mezani bado walishtukizwa.

Dhana hii inanikera kuliko zote, maana mwanafunzi anakuja akiamini ugumu wote uko kwenye kupata siri. Chukua Oktoba 1973. Intelijensia ya jeshi la Israeli iliyaona majeshi ya Misri yakijazana kando ya Mfereji wa Suez, na ya Syria yakijipanga mbele ya miinuko ya Golan iliyoshikiliwa na Israeli. Habari hazikukosekana. Tatizo ni kwamba wachambuzi walikwisha kuamini Misri haiwezi kuingia vitani kabla ya kupata ndege za masafa marefu za kupiga viwanja vya ndege vya Israeli, na kwamba Syria haitathubutu peke yake. Kwa hiyo kilichoonekana mferejini kikaitwa luteka, yaani mazoezi ya kijeshi. Tarehe 6 vita vikaanza. Tume ya Agranat, iliyoundwa na Israeli, ilipochunguza ilikosoa vikali kule kuing'ang'ania imani hiyo, na mkuu wa intelijensia ya jeshi, Eli Zeira, akaondolewa kwenye wadhifa wake.

Darasani kisa hiki tunakifanyia kazi kwa mbinu ya Richards Heuer, aliyekuwa CIA, idara ya ujasusi ya Marekani. Unachora jedwali. Juu unaandika maelezo yote yanayowezekana: ni luteka, ni vitisho, ni vita. Pembeni unaorodhesha taarifa moja moja, na kwa kila taarifa unauliza inakanusha maelezo yapi. Hapo ndipo wanafunzi hukunja nyuso. Askari wengi mferejini hawakanushi chochote, kwa sababu jeshi linalofanya luteka hujaza askari na jeshi linalokwenda vitani hujaza askari vilevile. Lakini kwenye orodha kuna taarifa nyingine: muda mfupi kabla ya vita, familia za washauri wa Kisovieti zilianza kuondolewa haraka Misri na Syria. Kwa luteka, hilo linaelezeka kwa shida sana. Taarifa moja kama hiyo ina uzito kuliko rundo la picha za vifaru, na kuitambua ni kazi ya kichwa. Hakuna kifaa cha kunasa mazungumzo kitakachokufanyia.

Halafu kuna kuandika, ambako wengi hawakutarajii kabisa. Sherman Kent, profesa wa historia wa Yale aliyehamia kwenye uchambuzi wa intelijensia ya Marekani, alihusika mwaka 1951 na makadirio kuhusu hatari ya Yugoslavia kushambuliwa. Waraka ulisema shambulio ni uwezekano wa kuzingatiwa kwa uzito. Ofisa mmoja wa Wizara ya Mambo ya Nje akamuuliza maana yake nini. Kent akasema kwa maoni yake ni kama 65 kwa 35 kwamba litatokea. Yule ofisa alishtuka, kwani alikuwa ameelewa chini sana ya hapo. Kent akarudi kuwauliza wenzake walioipitisha sentensi hiyo pamoja naye, na majibu yao yalianzia 20 kwa 80 hadi 80 kwa 20. Walikubaliana kuhusu maneno huku kila mtu akiwa na maana yake.

Mimi huwapa wanafunzi sentensi hiyo siku ya kwanza. Kila mmoja anaandika namba kwenye karatasi bila kumwonyesha jirani, kisha tunazisoma kwa sauti. Mtu akishaona namba yake imepishana na ya mwenzake kwa mbali hivyo, hunisikiliza ninapokata "huenda" na "inawezekana" kwenye kazi zake kwa kalamu nyekundu. Makosa haya yana gharama. Ripoti ya Butler ya mwaka 2004, ya uchunguzi rasmi wa Uingereza, ilionyesha jinsi tahadhari zilizokuwamo kwenye tathmini za intelijensia ya Uingereza kuhusu silaha za Iraq zilivyopotea katika waraka uliotolewa kwa umma Septemba 2002.

Dhana: Ukihitimu, idara inakuchukua

Hapana. CIA inataka raia wa Marekani, MI6, idara ya ujasusi wa nje ya Uingereza, inataka raia wa Uingereza, na baada ya uraia kuna upekuzi ambao cheti chetu hakiupunguzi hata kidogo. Idara hizi huajiri pia wahandisi, wahasibu na wataalamu wa lugha ambao hawajawahi kusikia jina la Kent. Ukitaka kazi ya uchambuzi, tazama pia benki zinazofuatilia fedha haramu, kampuni za tathmini ya hatari na mashirika ya kimataifa. Na kama kweli unaomba idara, usiwatangazie marafiki. Idara zenyewe huwaambia waombaji wanyamaze, nanyi mnaniandikia barua pepe mkiwa mmewatumia nakala watu kumi.

Dhana: Lazima uwe umetoka jeshini au polisi

Si lazima. Aliyesoma historia, hisabati au sheria na akazoea kubishana na ushahidi anatufaa.

Dhana: Tasnifu haiandikiki kwa sababu kila kitu ni siri

Nyaraka za zamani za MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, zimo kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew. Tangu 2017 mamilioni ya kurasa zilizofunguliwa na CIA husomwa kwenye intaneti. Ripoti ya Franks ya 1983, ya uchunguzi wa Uingereza kuhusu uvamizi wa Argentina katika visiwa vya Falklands, ni ya wazi, na ya Butler pia. Kinachokwamisha tasnifu ni mada za "mbinu za sasa za idara fulani", ambazo mimi huzirudisha siku hiyohiyo. Chagua tukio lililokwisha kuchunguzwa, lenye tume na nyaraka, na ujifunze lugha ya upande wa pili kabla ya muhula kuanza. Anayeandika kuhusu 1973 bila Kiarabu wala Kiebrania atawategemea wafasiri hadi ukurasa wa mwisho.