"Hatuna satelaiti yetu" si sababu ya kukosa picha

Mwezi uliopita nilikuwa mkoani kuwafundisha maafisa kilimo, maafisa ardhi na madiwani wachache namna ya kusoma picha za satelaiti. Saa ya kwanza haijaisha, diwani mmoja mtu mzima akanyoosha mkono. "Mtaalamu, haya unayotuonesha ni mazuri. Lakini sisi satelaiti hatuna. Picha hizo tutazipata wapi, na halmashauri yenyewe hata mafuta ya gari ni ya kukopa?" Ukumbi mzima ukatikisa vichwa kumuunga mkono.

"Mheshimiwa, naomba simu yako," nikamwambia.

Ilikuwa simu ya kawaida, kioo kimepasuka pembeni. Tukafungua tovuti ya Copernicus, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kuitazama dunia kwa satelaiti, nikamuuliza jina la kata yake, tukaivuta ramani mpaka pale. Ikaja picha ya siku nne zilizopita. Bwawa la kijiji lilionekana kama jani jeusi, na upande wa magharibi kulikuwa na ukingo mweupe wa tope lililokauka. "Hapa ndipo ng'ombe wanaponywea," akasema, na kidole chake hakikutoka pale mpaka kioo kikazimika chenyewe. Hakuna aliyelipa hata senti. Kilichotumika ni bando lake.

Swali la yule mheshimiwa nimeshaulizwa na wakurugenzi, wanafunzi wa shahada ya pili, waandishi wa habari na watu wanaoandaa bajeti za miradi. Nikilijibu leo, kwenye mkutano unaofuata nalikuta liko palepale. Ndiyo maana safari hii nimeamua kuandika.

Nikiri kwanza kwamba zamani ilikuwa kweli: asiye na fedha hakupata picha. Kuna wakati picha moja ya satelaiti ya Marekani, Landsat 7, iliuzwa dola 600. Ukitaka kulinganisha bonde moja kwa miaka mitano, ununue picha tano, na bonde likiwa limekatwa na mpaka wa picha, ununue kumi. Vyuoni picha hizo zilifungiwa kabatini kama hati za nyumba. Walimu wetu walikulia humo, wakatufundisha hivyo, nasi tukawafundisha waliotufuata. Bei ilikwisha, imani ikabaki.

Kilichoiondoa bei ni nchi kukubaliana kugawana. Mwaka 1988 Brazil na China zilitia saini makubaliano ya kutengeneza satelaiti pamoja, zile zinazoitwa CBERS, na ya kwanza ikaruka 1999. Mwaka 2004 Brazil ikaanza kuwapa wananchi wake picha hizo bure, na 2007, kwenye mkutano uliofanyika Cape Town, ikatangazwa kwamba nchi za Afrika nazo zitazipata bure. Mwaka 2008 Marekani ikalifungua ghala zima la Landsat, lenye picha zinazoanzia 1972. Umoja wa Ulaya ukaja na satelaiti za Sentinel: ya rada 2014, ya picha za mwanga 2015. Napenda watu waujue mpangilio huo, kwa sababu tumezoea kudhani kila mlango hufunguliwa kwanza na matajiri. Huu nchi mbili zinazoendelea zilitangulia.

Leo Sentinel-2 hupita juu ya shamba lako kila baada ya siku 5, na pikseli yake moja, yaani kitone kimoja cha picha, ni mraba wa mita 10 kwa 10. Landsat 8 na 9 kwa pamoja hupita kila baada ya siku 8, kwa pikseli za mita 30. Kupakua kunahitaji barua pepe na nywila tu. Faili zima la Sentinel-2 linakaribia gigabaiti moja, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, ila nani amekwambia ulichukue zima? Kata kipande cha kata yako, chukua mikanda mitatu au minne unayoihitaji, yaani aina za mwanga zilizopigwa kila moja peke yake, utashusha megabaiti chache. Nawasihi wanafunzi wangu wajifunze kukata kabla ya kujifunza kitu kingine chochote.

Dhana kwamba kila picha ni ya kununua inakula fedha za umma, na nimeliona hilo kwa macho yangu. Halmashauri moja niliwahi kuoneshwa kitabu cha ramani za matumizi ya ardhi, jalada gumu, karatasi zinang'aa. Kwenye mchanganuo wa gharama kulikuwa na kifungu cha "ununuzi wa picha za satelaiti", milioni kadhaa za shilingi. Nikafungua ramani ya kwanza. Chini kabisa kwenye kona, kwa herufi ndogo kuliko punje za mtama, paliandikwa kwamba picha zimetokana na Sentinel ya Copernicus. Mwongozo wa Copernicus hutaka chanzo kitajwe, na mtengenezaji alikitaja. Mnunuzi tu ndiye hakujua maneno yale yana maana gani. Kumlipa mtaalamu kwa kazi yake ya kuchambua ni haki, na ni kazi ngumu. Lakini ukiona picha yenyewe imewekewa bei, uliza jina la satelaiti kabla ya kusaini. Zipo picha za kampuni zinazouzwa kweli, zile za kuhesabu mabati ya nyumba moja moja, na nyingi za kazi za kilimo, misitu na maji hazihitaji picha za namna hiyo.

Wengine hunijibu kwa mifano ya majirani: Kenya wanayo, Rwanda wanayo, Uganda wanayo. Ni kweli wamewahi kurusha zao, na mimi nafurahi nao. Satelaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2018. Nafasi hiyo waliipata kupitia KiboCUBE, mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani. Rwanda wakafuata 2019, na Uganda 2022 kwa kushirikiana na Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Lakini ile ya 2018 ilikuwa boksi la sentimita 10 kila upande. Boksi la ukubwa huo likiachiwa kutoka kituoni hukaa juu mwaka mmoja au miwili hivi, kisha hushuka na kuungua. Faida yake ni wahandisi: vijana waliouchomelea ubao wake, wakauandikia programu, wakasubiri mawimbi yake usiku. Hiyo ni faida kubwa na ningetamani nchi yetu iipate. Ila afisa kilimo anayesubiri boksi hilo ndipo aanze kupima mashamba, atasubiri kitu kisichotengenezwa kwa kazi yake, huku picha anazozihitaji zinapita juu ya kichwa chake wiki hadi wiki.

Aprili 2024, Rufiji na Kibiti zilipofurika, niliona gharama ya kutojua. Watu walinipigia wakilalamika kwamba picha zote ni nyeupe. Bila shaka ni nyeupe, masika ni mawingu! Kwenye mafuriko hatutumii Sentinel-2, tunatumia Sentinel-1, ambayo ni rada. Inapiga mawimbi yake yenyewe, inapenya wingu, na usiku kwake ni sawa na mchana. Maji yaliyotulia huyaakisi mawimbi hayo upande wa pili yasirudi, hivyo hutokea meusi kama lami. Weka picha ya kabla ya mvua kando ya picha ya wakati wa mvua, na weusi mpya wote ni wa kutiliwa shaka. Nasema shaka kwa makusudi. Jaruba la mpunga lililojazwa maji ni jeusi vilevile, na hilo si mafuriko. Na maji yakiingia chini ya miti yanaweza kung'aa badala ya kuwa meusi, kwa kuwa mawimbi hugonga maji, yakagonga shina, yakarudi yalikotoka. Asiyejua hilo huripoti kwamba msitu haukufurika, kumbe umejaa maji.

Upungufu ulikuwepo, sitauficha. Sentinel-1 zilikuwa mbili, moja ikaharibika Desemba 2021, na Aprili ile iliyobaki ilikuwa ikirudia njia yake kila baada ya siku 12. Maji hayangoji siku 12. Kwa hali hiyo upo Mkataba wa Kimataifa wa Anga na Maafa Makubwa, uliobuniwa Vienna 1999 na kuanza kazi Novemba 2000. Mamlaka ya maafa ya nchi ikiomba, mashirika ya anga yaliyomo huelekeza satelaiti zao eneo hilo na kutoa picha bila malipo, na tangu 2012 si lazima nchi iwe mwanachama. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira Machi 2019, ramani za maji zilitoka kwa njia hiyo. Kuomba ni kazi ya mamlaka ya taifa. Kazi ya mkoa ni kuifikishia haraka maeneo na majina ya vijiji. Nasi kwa majirani tunacho kituo cha kanda cha ramani za rasilimali, RCMRD, Kasarani, Nairobi, kilichoanzishwa 1975, Tanzania ikiwa mwanachama wake. Kinafundisha, kinachambua, na ni ofisi ya kanda ya mpango wa Umoja wa Mataifa wa kutumia satelaiti kwenye maafa. Ni chetu. Waandikieni.

Dhana nyingine potofu ninazozisikia nazipitia haraka.

"Satelaiti inatuona sasa hivi." Hapana. Wakili mmoja aliniomba picha ya saa tisa alasiri ya siku ambayo mteja wake alivamiwa shambani. Kwenye pikseli ya mita 10 mtu haonekani, na satelaiti hizi hupita asubuhi. Picha kali mnazoziona kwenye ramani za simu zimeunganishwa kutoka tarehe tofauti, nyingine zina miaka kadhaa.

"Wanatupiga picha bila ruhusa, kwa hiyo ni wizi." Sheria haidai ruhusa. Lakini kanuni za Umoja wa Mataifa za 1986 zinasema nchi iliyopigwa picha ina haki ya kuzipata bila ubaguzi na kwa gharama ya haki. Tumieni haki hiyo badala ya kununa.

"Mambo ya anga ni anasa ya nchi zilizoshiba." Waulizeni wafugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Tangu 2010 kuna bima ya mifugo inayosoma ukijani wa malisho kutoka juu. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, bima inalipa, hakuna anayekuja kuhesabu mizoga.

"Ushirikiano ni sisi kupewa." Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipokuwa ikisherehekea uhuru wake, satelaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksi angani ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Walikuja Malindi kwa sababu pale ni jirani na ikweta, na dunia yenyewe inavyozunguka inaisukuma roketi. Nasi tulikuwa na cha kutoa.

"Satelaiti inapima mvua, vituo vya chini vifungwe." Hii nayo inanikera. Ramani za mvua tunazozitegemea, kama CHIRPS yenye kumbukumbu tangu 1981, hukisia mvua kwa joto la mawingu kisha hurekebishwa kwa vipimo vya ardhini. Kipimo cha mvua kilichovunjika shuleni kwenu kinaweza kuiharibu ramani ya wilaya nzima. Kirudisheni, na mwalimu asome kila siku saa tatu asubuhi, hata kama ni sifuri. Sifuri nayo iandikwe.

Kwa wanaokuja kwenye mafunzo yajayo: njooni na daftari lenye mashamba kumi mliyoyatembelea kwa miguu. Simama katikati ya shamba, si barabarani, andika namba za GPS kutoka kwenye simu, zao lililopo na tarehe lilipopandwa. Shamba liwe na angalau mita 40 kila upande, la sivyo pikseli itachanganya mahindi yako na mihogo ya jirani. Picha nitakuja nazo mimi.