Mwaka 1780 Kwenye Reale Hausemi Bei: Namna ya Kupima Thamani ya Sarafu Kuukuu za Fedha

Malalamiko yanayofika mezani petu hapa makumbusho ya Lamu msimu huu yanafanana sana. Mtu amenunua reale, ile sarafu kubwa ya fedha ya zamani, mtaani, ameambiwa ina zaidi ya miaka mia mbili, amelipa bei ya mbuzi wawili, kisha anakuja tumwandikie hati ya thamani. Hatuandiki. Kazi yetu ni kutambua kitu na kukihifadhi. Bei ni mapatano ya muuzaji na mnunuzi. Tunachoweza ni kuonyesha hesabu inavyokwenda.

Tuanze na huo mwaka 1780, maana tumeueleza hadi tumechoka. Reale yenye sura ya mtawala Maria Theresa wa Austria imeandikwa 1780 kwa sababu ndio mwaka aliofariki. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu walikuwa wameizoea na kuiamini, kwa hiyo ikaendelea kupigwa chapa ikiwa na mwaka uleule: Vienna, kisha katika karne ya 20 Rome, London, Paris, Birmingham hata Bombay. Ziko mamilioni. Yako huenda ilipigwa babu yako akiwa chuoni anasoma juzuu. Anayekuonyesha tarehe kama ushahidi wa ukongwe hajakuthibitishia kitu.

Kinachopimika ni madini ya fedha yaliyomo. Reale hiyo ina uzito wa gramu 28.07 na usafi wa sehemu 833 katika 1,000, kwa hiyo fedha halisi ni gramu 23.4 hivi. Rupia ya India ya Victoria, Edward VII au George V ina gramu 11.66, yaani tola moja, kipimo cha zamani cha India, na usafi wa 917. Fedha halisi ni gramu 10.7. Rupia za miaka ya 1940 hadi 1945 ni nusu fedha tu.

Wengi huliwa kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya simba na milima. Ni nyeupe, ina sura ya mfalme, na mnunuzi hujiambia ni fedha tupu. Sivyo. Zilizopigwa kuanzia 1921 hadi 1946 zina uzito wa gramu 7.8 na robo tu ndiyo fedha, haifiki gramu 2. Za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, gramu ya fedha halisi leo ni shilingi 200. Reale itakuwa na fedha ya shilingi 4,680, rupia 2,140, na shilingi ya simba chini ya 400. Bei halisi ya siku iulizwe siku hiyohiyo, kwa masonara wawili wasiojuana. Sonara anayenunua ili ayeyushe atakupa chini ya hesabu hiyo, na ana haki. Mwenye duka atakuuzia juu yake, naye analipa kodi ya chumba. Kwa maoni yangu, nyongeza ya moja ya tano kwa sarafu ya kawaida inaeleweka. Ukiambiwa bei mara tatu ya hesabu hiyo, uliza sababu. Sababu ya kweli inaweza kuwapo: rupia ya Mombasa ya 1888, iliyotolewa na kampuni ya Imperial British East Africa, hutafutwa na wakusanyaji. Lakini "ilikuwa ya nyanya yangu" si sababu.

Mizani ya muuzaji iwe imehakikiwa na kupigwa muhuri na mkaguzi wa vipimo. Una haki ya kuomba uonyeshwe muhuri huo, na muuzaji asikasirike. Reale ikipungua gramu nzima au zaidi bila kuchakaa, iache. Ikinaswa na sumaku, iache. Tazama pia ukingoni: halisi ina maneno ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Iliyotobolewa au kutiwa kikuku kwa ajili ya mkufu ilipwe kwa uzito wa fedha yake tu, na risasi ya kuungia isihesabiwe. Na tafadhali, msisugue sarafu kwa jivu wala dawa ya meno.

Sasa sheria. Chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni kitu cha kale. Kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali, na kibali hukabidhiwa forodha kabla kitu hakijaondoka, si baada ya begi kufunguliwa uwanja wa ndege wa Manda. Anayekiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili. Kwa kuwa tarehe ya reale haisemi ilipigwa lini, mgeni asijiamulie mwenyewe. Ailete tuitazame kabla ya kukata tiketi.

Kilichofukuliwa ni jambo jingine. Ukichimba msingi Shela au Pate ukakuta sarafu, una siku 7 kutoa taarifa kwetu, ukieleza mahali hasa na ilivyopatikana, na sarafu yenyewe iletwe. Picha ya simu ya kitu ambacho dalali ameshakichukua haitimizi sharti hilo.