“A gente” si Kireno kibovu

Baadhi ya wanaojifunza Kireno cha Brazil huonywa mapema: usiseme “a gente” ukimaanisha “sisi”, hayo ni maneno ya wasiosoma. Onyo hilo la miaka mingi halina msingi. Maprofesa na mawakili wa São Paulo huitumia kutwa kucha katika mazungumzo, na hata Ureno husikika.

“Gente” linatokana na “gens” ya Kilatini, yaani ukoo au taifa. Maana yake ni watu, lakini kisarufi ni umoja, na hapo ndipo wengi huteleza. Tunakwenda ni “a gente vai”, wakati “nós”, yaani sisi, hudai “vamos”. Kinachokaripiwa shuleni ni kuchanganya hizo mbili, “a gente vamos”, au kuandika “agente” kwa pamoja, ambalo ni wakala. Neno la sifa nalo hufuata jinsia ya wasemaji: wanawake watupu waliochoka husema “a gente está cansada”, wanaume “cansado”. Hiyo ni sarufi yenye adabu zake!

Neno lenyewe lina kazi nyingine tele. “Gente grande” ni watu wazima. Mtu mmoja, peke yake, aweza kuitwa “gente boa”, mtu mwema asiye na makuu. Na “Gente!” ya kushtuka ni “Jamani!” yetu kabisa, ambayo pia huita watu na kushangaa papo hapo.

Ila kwenye maandishi rasmi, kama barua ya kuomba kazi, andika “nós”.