Stili ya pedali si slaidi, na hapo chini hapana wawa

Nimesikia tena wiki hii. Mtangazaji wa redio amepiga wimbo wa kantri wa Rick Nelson, mwimbaji wa Marekani, wa miaka ya 1970, ile sauti nyembamba inayolia nyuma ya mwimbaji ikapanda, naye akasema kwa furaha: "Sikilizeni hiyo slaidi gitaa!" Kabla yake kuna aliyenihakikishia kwamba Tom Brumley, mpigaji mwenyewe, alikuwa anakanyaga wawa (wah-wah, pedali ya athari za sauti). Watu hawa wanaipenda kantri kweli, na nchini Kenya hasa wapenzi wake ni wengi, kwa hiyo siwalaumu sana. Lakini vitu vitatu tofauti, stili ya pedali, slaidi na wawa, vimetiwa kwenye chungu kimoja, na nadhani vimekaa humo muda wa kutosha.

Maana yenyewe kwa haraka. Stili ya pedali ni gitaa la umeme lililolazwa juu ya miguu yake kama meza, mpigaji ameketi mbele yake. Kwa kawaida lina nyuzi 10 kwa kila shingo, na mengi yana shingo mbili. Mkono wa kulia unachomoa nyuzi kwa kucha za bandia. Wa kushoto unashika kipande cha chuma kizito, cha mviringo, kinachoteleza juu ya nyuzi bila kuzikandamiza kwenye ubao. Mguu wa kushoto unakanyaga pedali, magoti yote mawili yanasukuma nyenzo zilizoning'inia chini, na mguu wa kulia uko kwenye pedali nyingine ya kuongeza na kupunguza sauti. Jina "stili" linatokana na kile chuma cha mkononi. Si nyuzi, wala si mwili wa gitaa, maana mingi ni ya mbao.

Chuma hicho kilianzia Hawaii. Anayetajwa zaidi ni Joseph Kekuku, kijana wa kisiwa cha Oahu, ambaye kuelekea mwisho wa karne ya 19 alilaza gitaa mapajani na kutelezesha chuma juu ya nyuzi. Muziki huo ukavuka bahari, ukapata umaarufu mkubwa Marekani baada ya maonyesho ya San Francisco ya 1915, ukaingia Texas, na mwaka 1935 Bob Dunn alikuwa tayari anarekodi stili ya umeme na bendi ya Milton Brown. Mpaka hapo pedali hazijatajwa, na kama ungeiita slaidi nisingekugombeza sana.

Tatizo la chuma kilichonyooka ni kwamba kinahamisha nyuzi zote pamoja. Ukiwa na kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya G ukakisogeza juu, unapata G ileile iliyohama mtaa: A, B, C, zote zina umbo lile lile. Wapigaji wa zamani walikilaza chuma upande, wakaruka baadhi ya nyuzi, na wengine walijenga gitaa la shingo tatu au nne, kila moja na mpangilio wake wa nyuzi. Ujanja mwingi, lakini ukuta ulikuwa palepale.

Sasa kaa kwenye stili yenye mpangilio wa nyuzi uitwao E9, ule wa Nashville, mji wa kantri Marekani. Weka chuma freti ya tatu (mstari wa tatu wa shingo), upate G. Usikisogeze hata kidogo. Kanyaga pedali ya kwanza: uzi wa tano unavutwa juu kwa noti nzima, na G imekuwa E ndogo (E minor). Kanyaga na ya pili pamoja nayo: uzi wa tatu na wa sita zinapanda nusu noti, na sasa unasikia C. Uzi wa nne haujatikisika muda wote huo. Ni kwaya ambayo sauti mbili zinapanda huku ya tatu imeshikilia pale pale, na ukizikanyaga polepole, unazisikia zikipanda. Slaidi haiwezi kufanya hivyo, hata apige nani.

Pedali zenyewe zilikuwepo mapema. Kufikia 1940 hivi kampuni ya magitaa ya Gibson ilikuwa na chombo kilichoitwa Electraharp, kilichobuniwa na Alvino Rey akishiriki. Lakini wengi walizitumia kubadili mpangilio wa nyuzi kimyakimya, kisha wakapiga. Aliyegeuza mambo ni mpigaji wa stili Bud Isaacs. Mwishoni mwa 1953 alimsindikiza mwimbaji Webb Pierce katika kurekodi "Slowly", na akaikanyaga pedali wakati noti bado inalia. Wimbo ukashika namba moja ya kantri mwaka 1954, na wapigaji wa stili kote Marekani wakaanza kujiuliza jamaa amefanyaje. Wengine walijifungia pedali za kujitengenezea nyumbani. Baadaye mpigaji mwingine, Buddy Emmons, akaigawanya ile kazi kati ya pedali mbili, ili kila sauti ipande kwa wakati wake, na ndiyo desturi hadi leo.

Kwa hiyo, na hili linanikera kuliko slaidi: msimpe mwimbaji wa kantri Hank Williams stili ya pedali. Hank alifariki tarehe 1 Januari 1953. Don Helms, aliyempigia, hakuwa na pedali yoyote. Kilio kile kikali cha juu kilitoka kwa chuma, mkono na sikio lake. Kumwongezea Helms pedali ni kumpunguzia sifa.

Turudi kwa Rick Nelson. Alianza akiwa kijana wa televisheni, akawa nyota wa rock and roll kuanzia 1957, na gitaa la nyuma yake lilikuwa la James Burton, fundi wa kuvuta uzi kwa kidole mpaka ulie. Wengi husikia uvutaji huo na kudhani ni stili, na sikio halijadanganyika mbali: wazo ni moja, noti inapanda huku nyingine zimetulia. Ila kidole kina kikomo chake. Mwaka 1969 Nelson aliunda Stone Canyon Band na kumchukua Tom Brumley, ambaye alikuwa ametoka kwa Buck Owens, mwimbaji wa kantri. Brumley ni mtoto wa Albert E. Brumley, mtunzi wa nyimbo za injili, na alishajulikana kwa solo yake katika "Together Again" ya 1964. Itafuteni. Ni fupi, haina mbwembwe, na kodi zinabadilika ndani ya noti moja inayoendelea kulia.

Alikaa na Nelson takriban miaka kumi. Si wote waliolipenda badiliko hilo la Nelson kuelekea kantri. Oktoba 1971, Madison Square Garden, New York, Nelson alipanda jukwaani mbele ya watu waliokuja kusikia nyimbo za ujana wao. Nywele zake zilikuwa ndefu, muziki ulikuwa mwingine, akazomewa. Kisa hicho akakigeuza kuwa "Garden Party", wimbo uliomrudisha kwenye kumi bora mwaka 1972. Kila nikikumbuka hilo nacheka.

Mwimbaji Conway Twitty naye alipitia njia hiyo. Mwaka 1958 alikuwa namba moja na "It's Only Make Believe", akihesabiwa mwanarock. Katikati ya miaka ya 1960 akahamia kantri. Mwaka 1968 akaja mpigaji wa stili John Hughey, akakaa naye miaka takriban ishirini. Hughey alipenda kupanda juu kabisa ya shingo, karibu na mkono wa kulia, akitikisa chuma mpaka stili ikalia kwa kwikwi. Hapa watu wa slaidi watasema nimejifunga mwenyewe, kwa sababu kilio cha Hughey kilitoka sana kwenye chuma. Sawa. Pedali haimfukuzi chuma kazini. Mkono wa kushoto wa Hughey ulikuwa unateleza wakati mguu unavuta nyuzi chini yake, na vyote viwili ndivyo vilivyomfanya Hughey.

Na wawa? Hiyo ni pedali ya umeme inayobadili rangi ya sauti baada ya kutoka kwenye gitaa. Pedali ya stili inayovuta nyuzi haigusi umeme hata kidogo: ukiikanyaga, fimbo inayoiunganisha na gitaa inavutwa chini, inazungusha ekseli iliyo chini ya gitaa, na ekseli inavuta uzi kwenye mwisho wake. Zima amplifaya, chomoa waya, kanyaga. Noti inapanda vilevile. Wawa ukiichomoa haina la kusema.

Slaidi ya kweli ni gitaa la kawaida, limeshikwa wima au limepakatwa, na mpigaji amevaa bomba la kioo au chuma kidoleni. Ni urithi wa bluzi, na haina upungufu wowote. Mpiga gitaa wa Marekani Duane Allman alikuwa mtu wa slaidi, na hakuna anayemhurumia kwa kukosa pedali.

Afrika nayo ina mtu wake, aliyepaswa kutuondolea utata huu zamani. Demola Adepoju wa Nigeria aliipiga stili ya pedali ndani ya muziki wa juju wa King Sunny Adé, na ndiye anayesikika kwenye wimbo wa Paul Simon "Graceland" wa 1986. Wengi wameusikia wimbo huo mara mia na kudhani ni kinanda.

Basi, ndugu mtangazaji, ukiwa na shaka sema "stili" tu. Inafaa kwa Helms, inafaa kwa Brumley na Hughey, na kwa Lloyd Green aliyempigia Don Williams, ambaye najua utampiga tena Jumapili. Neno "pedali" liongeze utakapozisikia noti mbili zikitengana huku ya tatu imetulia mahali pake. Na ukimtaja Don Williams, basi mtaje na Green. Jina ni fupi, halitakula muda wa matangazo.