Ukiwa na malalamiko dhidi ya polisi Lamu, anza na namba ya OB

Kila unapofanywa msako Lamu, iwe upande wa bara kuelekea msitu wa Boni au hapa kisiwani Amu, simu za ofisi yetu hazitulii. Malalamiko ni mengi na mengine ni mazito. Shida ni kwamba mengi hayashikiki: hayana tarehe, hayana kituo, hayana jina wala namba ya askari. "Walitupiga" ndiyo habari yote. Kwa ajili hiyo tumeanza kampeni ya elimu kwa umma, na makala haya ni sehemu yake.

Yaliyopita hayahitaji kusimuliwa upya kwa watu wa Lamu. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, yaliyoua watu zaidi ya 60, kaunti hii imeonja kafyu, operesheni ya Linda Boni iliyoanza 2015, na marufuku ya kuvua usiku iliyowakosesha wavuvi wa Kibajuni riziki kwa miaka. Askari wengi huletwa kutoka bara. Hawajui Kibajuni wala Kiboni, na hupewa uhamisho pale wanapoanza kuwajua watu. Mboni wa Basuba, Muorma wa Witu, Mgikuyu wa Mpeketoni na Mwamu wa Mkomani, kila mmoja ana kisa chake na polisi, na huamini ni kabila lake tu linaloonewa. Mikutano ya amani ina faida yake, nasi huhudhuria. Lakini mkutano ukivunjika, maneno huondoka na wasemaji. Mtu asiye na jamaa wala anayemfahamu kituoni anahitaji maandishi.

OB ni daftari la matukio la kituo cha polisi. Ukipiga ripoti, askari wa zamu huiandika humo na kukupa namba: kwanza namba ya ripoti kwa siku hiyo, kisha siku, mwezi na mwaka. Uliza pia saa iliyoandikwa, na umwombe akusomee alichoandika kabla hujaondoka. Hulipi chochote. Kutokuwa na kitambulisho hakukuzuii kupiga ripoti, jambo ambalo Waboni na Wabajuni wengi hawajaambiwa. Ukiwa umejeruhiwa, omba fomu ya P3, ambayo daktari huandika humo majeraha yako, hapo hapo, uende nayo hospitali. Nayo kituo huitoa bure.

Sasa niseme wazi. Kumweleza mzee wa mtaa si kupiga ripoti. Kumwambia mjumbe wa Nyumba Kumi si kupiga ripoti. Video iliyozungushwa WhatsApp mpaka ikafika Mombasa si ripoti, ingawa yaweza kuwa ushahidi mzuri ikiwa aliyeirekodi hakuifuta. Tumeshayaeleza haya mara nyingi.

Kuhusu kukamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinamlinda kila aliyekamatwa, raia na asiye raia. Aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, wala zisipite saa 24. Saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, hufikishwa siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo aliyekamatwa Ijumaa jioni akafikishwa mahakamani Jumatatu hajavunjiwa haki kwa sababu hiyo peke yake. Tafadhali tusipigiwe simu Jumamosi asubuhi kuhusu hilo. Kwa upande mwingine, tumesikia maafisa wakisema mshukiwa wa visiwani alichelewa kwa sababu maji yamepwa na boti haikuweza kupita. Maji hupwa na kujaa kila siku, na ratiba yake inajulikana. Kituo kijipange.

Bondi ya polisi, yaani ahadi ya kufika utakapotakiwa ili uachiliwe, ni bure. Ukitakiwa kuweka dhamana ya pesa taslimu, dai risiti, maana pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha ikiwa mshtakiwa alihudhuria mahakama kama alivyotakiwa. Pesa isiyo na risiti ina jina jingine. Sheria ya Hongo ya 2016 inamhesabu mtoaji na mpokeaji sawa: kifungo cha hadi miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Anayetuletea malalamiko kwamba alitoa "ya chai" kisha ndugu yake hakuachiliwa aelewe anatueleza makosa mawili, na moja ni lake.

Upekuzi ndio unaoleta uchungu mkubwa zaidi Amu, na hapa lawama nyingi ni za haki. Nyumba ya Kiamu ina daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na mgeni husubiri dakani mpaka akaribishwe. Askari mgeni hajui hilo; anaona mlango, anaingia, anawakuta wanawake ndani bila mitandio. Sheria haimtaki ajue mila, lakini inamtaka mengine. Kwa kawaida awe na hati ya mahakama. Akiingia bila hati kwa sababu ya dharura ya uchunguzi, aonyeshe cheti chake cha kazi akiombwa, na aandike sababu zake pamoja na orodha ya alivyochukua. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha kamili. Operesheni isiyo na askari wa kike haiondoi sharti hilo. Askari aliyevaa sare lazima jina lake au namba yake ya kazi ionekane. Iandike. Usimnyang'anye simu wala usimzuie kazi, hata ukiwa na haki.

Ukishapata OB, malalamiko dhidi ya askari hupelekwa kwa OCS, yaani mkuu wa kituo, kwa Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi, au kwa IPOA, yaani Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi. IPOA hupokea malalamiko ya mdomo pia, huyaandika yenyewe, na haitozi ada. Haimfukuzi askari kazi wala haimfungi. Huchunguza na kupendekeza, na mashtaka ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mtu akifa au kujeruhiwa vibaya mikononi mwa polisi, mkuu wa kituo ana wajibu wa kuiarifu IPOA bila kusubiri familia. Askari akipatikana na hatia ya utesaji, kifungo ni hadi miaka 25. Raia anayetoa habari anazojua ni za uongo naye anaweza kufungwa hadi miaka mitatu.

Kituo kikikataa kukuandikia OB, andika saa, tarehe na jina la aliyekataa, uende kwa OCS siku hiyo hiyo. Akikataa naye, kukataliwa huko ni malalamiko yanayojitegemea, na IPOA huyapokea bila namba ya OB.