Usichome Dhahabu Wazi: Retoti Mwaloni

Kwetu Kanda ya Ziwa, mwalo ni pale wavuvi wanaposhusha samaki, na pia ni pale dhahabu inapochenjuliwa. Zebaki, ile metali ya majimaji inayonasa chembe za dhahabu, inatoka mwalo mmoja na kuingia mwingine.

Mgodi wa Geita wa enzi za Mwingereza ulifungwa 1966. Kwa miongo mitatu dhahabu ya kanda hii ilitegemea zaidi wachimbaji wadogo, mpaka Sheria ya Madini ya 1998 ilipowavuta wawekezaji wakubwa. Mgodi mpya wa Geita ukaanza kuzalisha 2000. Wakubwa hutumia sayanaidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu. Mchimbaji mdogo kashika zebaki kwa sababu ya kueleweka kabisa: anapata hela siku hiyohiyo.

Basi itumike kidogo. Usiitie kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, maana husagika ikawa chembe ndogo mno na kuondoka na maji. Pitisha unga wa mawe kwenye ubao wenye zulia, kung'uta zulia ndani ya beseni, kisha weka zebaki kwenye mchanga huo mchache tu. Kamua kwa kitambaa kizito ukiwa na glavu, ubaki na donge la dhahabu iliyoshikana na zebaki.

Donge la gramu 10 mara nyingi lina dhahabu karibu nusu. Ukilichoma kwenye karai, gramu kama tano za zebaki zinapanda hewani na kuingia kifuani mwako na mwa mtoto aliye jirani. Zebaki huchemka nyuzi 357, na mvuke wake hauna rangi wala harufu. Moshi unaouona ni wa mkaa.

Badala ya karai, tumia retoti: kikombe cha chuma cha kuchomea donge, chenye kifuniko cha kukaza na bomba la kutolea mvuke. Ziba ukingo kwa udongo wa mfinyanzi, zungushia bomba kitambaa kilicholowa, kinga zebaki kwenye chombo chenye maji. Hapa wengi hukosea: mdomo wa bomba ukizama majini, moto ukipungua maji hunyonywa hadi kwenye chuma cha moto, na retoti inaweza kupasuka. Mdomo ukae juu kidogo ya maji. Usifungue kabla haijapoa kabisa. Ikitumika vizuri hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki, ambayo umeinunua kwa fedha zako.

Wanunuzi wa dhahabu mjini Mwanza nao wajue kwamba dhahabu iliyokwisha kuchomwa bado ina mabaki ya zebaki. Kuirudia moto ndani ya duka lililofungwa ni hatari ileile.

Yanabaki marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa. Yaliyopitiwa na zebaki yasiende moja kwa moja kwenye matangi ya sayanaidi: sayanaidi huyeyusha zebaki, na maji yakivuja huibeba mbali zaidi. Kwenye tope la ziwa vijidudu huigeuza ikaingia kwa samaki, na sangara, anayekula samaki wenzake, hujikusanyia nyingi kuliko sato.