Kituo Kujaa Si Sababu ya Kufungua Tawi

Nimeletewa tena mpango wa kufungua tawi la pili la kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, na hoja yake, kama ilivyokuwa katika mipango mingi iliyoutangulia, ni moja tu: kituo kimejaa na wazazi wanasubiri. Kazi yangu ni kuwashauri wamiliki wa vituo hapa Dar es Salaam, na nakiri kwamba hoja hiyo imeanza kunichosha, hasa kwa sababu hutolewa kwa fahari kiasi kwamba anayeihoji huonekana mwenye husuda.

Kwanza, kituo hakijai chote kwa mkupuo. Kinachojaa ni chumba, na kila chumba kina hesabu yake. Tuchukue tarakimu za mfano. Mzazi wa mtoto mchanga analipa shilingi 200,000 kwa mwezi, mlezi mmoja anahudumia watoto wanne, na mlezi huyo anakugharimu 440,000, yaani mshahara wa 400,000 pamoja na mchango wa mwajiri wa asilimia 10 unaokwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Watoto wanne wanaingiza 800,000, hivyo zinabaki 360,000 za kuchangia pango, chakula, gesi, maji na umeme. Akija mtoto wa tano unalazimika kuajiri mlezi wa pili, mapato yanafika 1,000,000, gharama ya walezi inafika 880,000, na kinachobaki ni 120,000. Mtoto wa sita anakufikisha kwenye 320,000, ambazo bado ni pungufu ya ulichokuwa nacho ulipokuwa na watoto wanne. Ni mpaka aje wa saba ndipo unapoanza kuona faida ya kupanuka. Mmiliki aliyeongeza watoto wawili na kukuta fedha zimepungua humshuku mhasibu, ilhali mhasibu hana kosa.

Hapo ndipo baadhi ya wamiliki hufanya hesabu nyingine isiyoandikwa popote, kwamba dada aliyepo aendelee tu na watoto sita kwa kuwa ni mzoefu. Uzoefu haumwongezei mtu mikono. Uingereza, ambako uwiano huu umewekwa kisheria, mlezi mmoja huruhusiwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili, na kwa wale wa miaka miwili kiwango kiliongezwa kutoka wanne hadi watano mwaka 2023, huku watu wakibishana kama hatua hiyo ilikuwa kwa faida ya mtoto au ya bajeti. Mimi hushikilia wanne kwa chumba cha wachanga, ingawa siwezi kudai kwamba sayansi fulani imenipa namba hiyo; ni mapatano kati ya ninachokiona chumbani na ninachokijua kuhusu ada ambayo mzazi wa hapa anaweza kuilipa.

Wanaobeba gharama za kituo, kwa kawaida, ni watoto wa miaka mitatu na minne, kwa kuwa mlezi mmoja anaweza kuhudumia idadi kubwa zaidi yao. Tatizo ni kwamba hao ndio wanaoondoka kwa pamoja kila Januari, muhula wa shule unapoanza na wazazi wakawahamishia madarasa ya awali. Kituo kilichojaa mwezi Oktoba kinaweza kupoteza chumba chake kinacholipa vizuri kuliko vyote katika wiki mbili za mwanzo wa mwaka, na tawi lililoahidiwa fedha za chumba hicho likabaki linadai.

Sasa nije kwenye orodha ya wanaosubiri, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Wamiliki hunionyesha orodha hiyo kama vile ni hati ya benki. Ninapouliza majina yaliandikwa lini, mara nyingi jibu huwa Januari, na kila anayeishi katika jiji hili anajua kilichotokea Januari: dada wa nyumbani alikwenda kwao kusalimia wakati wa Krismasi na hakurudi. Mama amebaki na mtoto, likizo ya kazini imekwisha, na anaandikisha jina katika kila kituo kilicho karibu naye. Kufikia Machi amepata msichana mwingine, na mtoto anarudi nyumbani. Katika daftari la mahudhurio la kituo kimoja nilichokikagua, majina yaliyokatwa kwa kalamu nyekundu yalijazana katika kurasa za Machi na Aprili, na pembeni mwa mengi kati yake msimamizi alikuwa ameandika maneno yaleyale, «mama kapata dada». Kitabu hicho kilikuwa mezani pa mmiliki muda wote alipokuwa akinieleza kuhusu wingi wa wahitaji.

Orodha hupimwa kwa njia moja tu: piga simu kwa kila mzazi, mwambie nafasi imepatikana, na umwombe alipe ada ya kujiandikisha kabla ya mwisho wa wiki. Nambari nyingine hazitapatikana, mtoto mwingine atakuwa ameshaanza chekechea, mzazi mwingine atasema ngoja aongee na baba. Watakaolipa ndio orodha yako. Kundi ninaloliamini zaidi ni la kina mama wanaorudi kazini baada ya likizo ya uzazi, kwa sababu sheria inawapa siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hao hutokea mwaka mzima bila kujali sikukuu. Bahati mbaya watoto wao huingia katika chumba kile kile cha wachanga ambacho hesabu yake tumeiona.

Kuhusu taratibu sitasema mengi. Jengo jipya lina ukaguzi wake, usajili wake kwa ustawi wa jamii na leseni yake ya biashara, na mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita au mwaka kabla hujaweka hata tenki la maji. Fedha hizo zisitoke katika ada za kituo cha kwanza. Mahali nako kuna mtego wake: kwa mzazi anayetoka Mbezi kwenda Posta, katikati ya jiji, saa kumi na mbili asubuhi, kituo kilichoko ng'ambo ya pili ya Barabara ya Morogoro kinaweza kuwa mbali kuliko kilomita zinavyoonyesha.

Jambo ambalo sina kipimo chake cha uhakika ni msimamizi. Huwa ninamtaka mmiliki asikanyage kituoni kwa mwezi mzima, na mwezi huo uwe na siku za kukusanya ada, halafu tuangalie madeni, mahudhurio ya walezi na malalamiko ya wazazi. Hata hivyo, nimeona wasimamizi waliofaulu mtihani huo wakayumba mara tawi lilipofunguliwa, kwa kuwa mmiliki aliwachukulia walezi wao wawili hodari na kuwapeleka upande wa pili. Wazazi hawakusajili mtoto kwa sababu ya jengo. Walimsajili kwa dada fulani wanayemjua kwa jina, na dada huyo akihama, baadhi yao huanza kutafuta kwingine.

Swali la mwezi wa kufungua nalo linanigawa. Hesabu inaniambia nishauri Machi au Aprili, ili mmiliki asije akayachukulia mafuriko ya Januari kuwa soko la kudumu. Lakini wapo waliofungua Januari, wakakusanya ada za wale wapitaji, na fedha hizo ndizo zilizolipa mishahara mpaka watoto wa kudumu walipopatikana. Kwa sasa humruhusu afungue Januari yule tu ambaye bajeti yake ingesimama hata kama nusu ya watoto hao wangeondoka kabla ya Pasaka.